Katani, Sponji na Namba

Mwaka juzi mtoto wa mjomba wangu alichoma rangi ya gari la watu. Usiwaze moto. Mafundi wa polishi wakisema rangi "imeungua" wanamaanisha mashine imesugua mpaka ikala lile tabaka la juu linaloipa gari mng'ao, ikabaki rangi imefubaa kama jani la mgomba lililopigwa na jua. Gari lilikuwa jeusi, na lilichomwa ukingoni mwa boneti, mahali ambapo mtu akisimama mbele haachi kupaona. Boneti nzima ilirudi kwa fundi rangi. Gharama ilikuwa ya binamu yangu.

Kosa lenyewe lilikuwa dogo. Sponji zake zote za mashine, kubwa kwa ndogo, mpya kwa kuukuu, alikuwa anaziweka kwenye kiroba kimoja. Siku ile alitaka sponji laini ya kumalizia. Akaingiza mkono, akatoa ya bluu, kwa sababu aliyemfundisha kazi alimwambia bluu ni laini. Kumbe bluu ile ilikuwa ya kampuni nyingine.

Nilikuwa Tanga mjini wiki ile, kwa sababu nilikuwa nimemteremsha bibi yetu kutoka Zirai kuja kuonana na daktari wa macho. Tukafikia kwa binamu, nyuma ya uwanja wake wa kuoshea magari. Nikiwa mwandishi wa habari, kazi yangu ni kuuliza, basi nikauliza: hizi rangi maana yake nini? Jibu nililolipata limenizungusha tangu sponji za plastiki hadi mashamba ya mkonge, na likanirudisha nyumbani kwetu milimani.

Tuanze na sponji. Kupolishi gari ni kazi ya hatua. Kwanza unakata: unaondoa mikwaruzo kwa dawa kali na padi yenye meno, aghalabu ya manyoya au sponji ngumu. Kisha unalainisha, kwa dawa nyepesi na sponji ya kati. Mwisho unamaliza, kwa sponji laini kabisa, ili kufuta alama za hatua zilizotangulia. Ukitumia padi ya kukatia pale panapotakiwa ya kumalizia, unaongeza mikwaruzo badala ya kuiondoa. Ukichanganya dawa kali na nyepesi kwenye sponji moja, umeiharibu kazi bila kujua. Kwa hiyo ufundi nusu yake ni kusugua, na nusu ni kujua umeshika nini mkononi.

Watengenezaji walileta rangi ili kumsaidia fundi kujua. Shida ni kwamba hawakukaa kikao. Rupes, kampuni ya Italia, bluu yake ndiyo padi kali kuliko zote za sponji: bluu ya kukatia, kijani ya kati, njano ya kulainisha, nyeupe ya kumalizia. Lake Country ya Marekani, kwenye mpangilio wao unaojulikana sana, njano ndiyo kali, halafu rangi ya chungwa, halafu nyeupe, na bluu iko kule upande wa laini. Yaani bluu ya huku ni kisu na bluu ya kule ni pamba. Mtu anayenunua seti nzima yenye boksi na maelezo hana tabu. Lakini wa kwetu ananunua moja moja, nyingine zimetumika, kifungashio hakipo na mgongo umechakaa mpaka maandishi yamefutika. Kinachobaki ni rangi, na rangi peke yake inadanganya.

Jioni ile binamu alimwaga kiroba uani ili tuzipange. Bibi alikuwa ameketi kwenye mkeka, jicho moja limefungwa bandeji. Akavuta sponji moja, akaibonyeza kwa dole gumba, akaiweka kushoto. Akavuta ya pili, akaibonyeza, akapitisha kiganja juu yake, akaiweka kulia. Hakuwahi kuiona sponji ya polishi maishani mwake. Baada ya robo saa alikuwa na mafungu manne, na binamu alipoyakagua kwa kuyajaribu kwenye mlango wa gari bovu, fungu moja tu lilikuwa na sponji mbili zilizokosea njia.

"Bibi, umejuaje?"

"Mimi nilikuwa brashi, baba. Kule hukuwa na muda wa kutazama sana. Mkono ndio unaona."

Brashi. Kwa msomaji asiyetoka Tanga, nifafanue. Kwenye shamba la mkonge, jani likishakatwa linapelekwa korona, yaani mashine kubwa inayoliponda na kulikwangua nyama yake ya kijani mpaka zibaki nyuzi. Jina hilo lilitokana na mashine za Kijerumani zilizoitwa Corona, zilizotengenezwa na kiwanda cha Krupp, na liligandamana na kazi hiyo kiasi kwamba mwaka 2020, ugonjwa ulipoingia, kuna wazee Muheza waliouliza korona gani tena inaua watu wakati korona ya mkonge wanaijua tangu utotoni. Nyuzi zikitoka korona zinaanikwa juani kwenye nyaya. Zikikauka zinapelekwa brashi, mashine ya kuzipiga ziondoke vumbi na zing'ae. Na hapo hapo brashi ndipo zinapochambuliwa kwa madaraja kabla ya kushindiliwa kuwa robota la kilo 250. Marobota manne ni tani moja.

Uanikaji na uchambuaji zilikuwa kazi walizofanya wanawake wengi. Bibi aliingia huko akiwa msichana, miaka ya mwanzo ya uhuru. Alichotakiwa kukijua kilikuwa hiki: daraja la kwanza ni singa ndefu, futi tatu kwenda juu, nyeupe kama maziwa, isiyo na doa wala mabaki ya ganda. Lipo daraja A, lenye urefu ule ule lakini lililobadilika rangi kidogo. Lipo la 2 na la 3, fupi zaidi. Ipo 3L, ndefu lakini yenye kasoro, imeungua jua au ina manjano. Ipo UG, ambayo wao waliiita andagredi, isiyoingia kokote huko juu. Chini kabisa zipo nyuzi fupi na vumbi la brashi, na hizo nazo hazikutupwa. Kila fungu lilikuwa na bei yake, kwa hiyo mkono wa mchambuaji ndio uliokuwa unaamua robota litauzwa kwa shilingi ngapi huko Ulaya. Mkono huo haukulipwa kwa hesabu hiyo, lakini hilo tutalifikia.

Sasa, jinsi mkonge wenyewe ulivyofika hapa ni kisa kinachojirudia sana Tanga, na kwa kuwa kinahusu majina na vibandiko, acha nikirudie. Mmea huu asili yake ni Mexico. Mwaka 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Ilipitia Hamburg, na ilipofika pwani yetu miche hai ilikuwa 62 tu. Ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Wapo wanaosimulia kwamba miche iliibwa na kufichwa ndani ya tumbo la mamba aliyekaushwa. Ni hadithi tamu, endelea kuwasimulia watoto, ila ukweli wa miche 62 unatosha kwa maajabu.

Hata Florida haikuwa kwao. Ilipelekwa huko na Henry Perrine, balozi mdogo wa Marekani aliyekaa Campeche. Yeye ndiye aliyeupa mmea jina la kitaalamu, Agave sisalana, kutokana na Sisal, bandari ya Yucatán ambako nyuzi zilipakiwa melini. Yaani dunia nzima inauita kwa jina la mahali uliposafirishiwa. Na sisi tulipoupokea tukafanya yetu: "mkonge" lilikuwa jina la mmea wa porini wa hapa hapa, wenye majani marefu ya nyuzi, na "katani" ni neno la Kiarabu la kitani, kitambaa tofauti kabisa. Mgeni akavishwa majina mawili ya wengine, na leo ukisema mkonge hakuna anayekumbuka ule wa porini.

Huku milimani Wajerumani walikuwa wanahangaika na jambo jingine. Miaka hiyo ya 1890 walifyeka misitu ya Usambara Mashariki, Derema na Nguelo, wakapanda kahawa, wakiamini udongo unaozaa msitu mkubwa namna ile lazima uzae na kahawa. Haukuzaa walivyotarajia. Mwaka 1902 wakaanzisha kituo cha utafiti Amani, jirani na kwetu Zirai, na humo wakapanda miti ya kila bara, kila mmoja na kibao chake. Wakati huo huo mkonge, ambao haukuwa na makuu, ulikuwa unaenea kule chini kwenye joto, ukifuatana na reli iliyotoka Tanga kwenda Muheza, Korogwe na Mombo. Kufikia 1913 koloni lilikuwa linauza nje takriban tani 20,000 za katani kwa mwaka.

Mimea ilipata vibao. Watu je?

Watu walipata kadi. Katika wilaya ya Wilhelmstal, ambayo leo ni Lushoto, Wajerumani walianzisha mwaka 1907 utaratibu wa kumtaka kila mwanamume mzima afanye kazi siku 30 kwa mzungu katika kila miezi minne, na kadi yake itiwe alama. Kadi isiyojaa ilikuwa ushahidi dhidi ya mwenye nayo. Wasambaa waliokuwa na migomba na mahindi yao hawakuwa na hamu ya kwenda kukata mkonge, na hadi leo ukiwauliza wazee wa huko watakwambia mkonge ni kazi ya watu wa kuja. Wenye mashamba walilazimika kutafuta watu wa mbali.

Utawala wa Uingereza uliendeleza kipande, karatasi ya siku 30 za kazi. Hukukamilisha, hukulipwa. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kukusanya vibarua, SILABU, na treni zikawaleta watu kutoka Kigoma, Songea, Mbeya na kwingineko. Wakaitwa manamba. Neno lenyewe limetoka kwenye "namba", kwa sababu mtu akishaandikishwa alipewa namba, na msimamizi aliita namba. Babu yetu, mume wa bibi, alikuwa mmoja wao. Alitoka Kasulu. Kazi yake ilikuwa kukata: majani 30 ni mzigo mmoja, na mizigo ilihesabiwa jioni. Akamwoa bibi huko huko shambani, na mkonge ulipoanza kudorora wakapanda mlimani, Zirai, wakajifunza kulima iliki.

Nimesema mkonge ulidorora. Mwaka 1961 Tanganyika ilikuwa inaongoza duniani kwa katani, na mwaka 1964 uzalishaji ulifika takriban tani 230,000. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 ulikuwa umeshuka hadi karibu tani 20,000. Wengi wanalaumu utaifishaji uliofuata Azimio la Arusha la 1967, na wana hoja: usimamizi ulilegea, mitambo ilichakaa. Lakini bei ilikuwa imeanza kuanguka kabla ya hapo, na aliyeiangusha hakuwa mwanasiasa. Mwaka 1954 huko Milano profesa Giulio Natta alifanikiwa kutengeneza plastiki ya polipropilini, ambayo miaka tisa baadaye ilimpa sehemu ya Tuzo ya Nobel. Plastiki hiyo ilifaa kusokotwa kamba. Wakulima wa Ulaya na Marekani, waliokuwa wanafungia nyasi na ngano zao kwa katani yetu, wakahamia kwenye kamba nyepesi isiyooza. Na nyumbani gunia la katani likaachia nafasi kwa kiroba cha plastiki. Kile kiroba cha binamu yangu, nilipokigeuza usiku ule, kilikuwa cha nyuzi za polipropilini.

Sponji nazo zina ukoo wa karibu. Zimetengenezwa kwa poliyurithini, iliyoanzia kwenye maabara ya Otto Bayer, Leverkusen, Ujerumani, mwaka 1937. Na ile Rupes yenye bluu kali, kiwanda chake kiko mkoa wa Milano. Sidai kuna njama hapo. Ninachosema ni kwamba uwanja ule mdogo wa kuoshea magari ulikuwa umejaa vitu vilivyokuja kuchukua nafasi ya kilichokuwa kinazalishwa kilomita chache kutoka pale, na aliyekuwa anavipanga ni mwanamke aliyewahi kupanga kile kilichotangulia.

Katika mafungu ya bibi kulikuwa na kitu kimoja hakukiweka popote. Kilikuwa gurudumu la kitambaa kigumu cha rangi ya mchanga, tabaka juu ya tabaka, limeshonwa kwa mizunguko. Binamu alilinunua pamoja na vifaa vya mtumba na hakuwahi kulitumia, maana hakujua la nini. Bibi alilinusa. Akachomoa uzi mmoja pembeni, akauvuta, akausokota kwa vidole.

"Hii katani," alisema. "Ila si ya kwanza. Hii wamekupa 3L."

Kuhusu daraja siwezi kumthibitishia mtu, ila kuhusu katani alikuwa sahihi. Viwanda vya kung'arisha chuma vinatumia magurudumu ya kitambaa cha katani kwa hatua ya kwanza, ile ya kukata, kwa sababu nyuzi zake ni ngumu na zinashika dawa vizuri. Pamba inafuata baadaye kwa kumalizia. Bampa za chuma king'aavu za magari ya zamani, sinki za jikoni na sufuria nzuri vinaweza kuwa vimepita kwenye katani kabla ya kumeremeta. Kumbe miaka yote tuliyouza tani kwa tani, sehemu yake ilikuwa inakwenda kuwang'arishia wengine vyombo.

Tuligeuza lile gurudumu tukatafuta maandishi. Kulikuwa na kipimo cha upana na mzunguko wa juu kabisa wa mashine. Hakukuwa na jina la nchi ilikotoka katani. Robota la zamani lilikuwa na alama ya shamba na daraja lake. Likishafunguliwa na kufumwa, alama inaishia hapo. Inaweza kuwa ya Tanga. Inaweza kuwa ya Brazil, ambayo ilitupita miaka mingi iliyopita. Mwenye kulishika gurudumu hana njia ya kujua, isipokuwa awe na mikono kama ya bibi, na hata yeye aliishia kwenye daraja, hakufika kwenye shamba.

Nilimwuliza usiku ule kama anaikumbuka namba ya babu. Aliitaja papo hapo, tarakimu zote, kama mtu anayetaja jina. Nikamwuliza majina ya wasichana aliokuwa nao brashi. Hapo alitulia. Akapata matano. Walikuwa wengi zaidi ya hapo, alisema, lakini wengine walikuwa wanaitwa kwa meza walizosimama.

Nimeshaandika habari nyingi za mkonge kwa magazeti. Bei ya tani, ekari zilizofufuliwa, waziri aliyetembelea shamba. Zote zina namba na hazina jina la mchambuaji hata mmoja, na walioziandika ni sisi tuliosoma. Tunasema historia ya manamba imeandikwa, na ni kweli imeandikwa, lakini kwa sehemu kubwa ni historia ya aliyekata na aliyemkatisha. Aliyepanga hatajwi, ingawa bila yeye katani nzuri na mbovu zingeuzwa kwa bei moja, kama sponji za kiroba.

Kama wewe ni fundi na umefika hapa ukisubiri maelekezo, nitakupa tuliyofanya, hayana gharama. Usiiamini rangi mpaka uwe umejua ni ya kampuni gani. Bonyeza kwa dole gumba, kisha tazama vitundu: vikubwa na vikali mara nyingi ni vya kukatia, vidogo na laini ni vya kumalizia. Ukiwa na shaka, jaribu kwanza kwenye kipande cha bati la gari bovu. Andika mgongoni kwa kalamu ya maka isiyofutika: hatua yake, na dawa yake, na usiibadilishie dawa. Iliyoanguka chini isirudi kwenye rangi ya gari kabla ya kuoshwa, maana chembe moja ya mchanga inatosha. Osha, kamua, anika kivulini mpaka ikauke. Ukifunika ikiwa mbichi inaota ukungu.

Binamu alinunua ndoo nne za plastiki zenye mifuniko. Alitaka kuandika "kukata", "kulainisha", "kumaliza". Bibi akasema hayo ni maneno mengi kwa mtu mwenye mikono yenye sabuni, weka namba. Kwa hiyo ndoo zina 1, 2 na 3. Ya nne imeandikwa UG. Humo zimo sponji zilizochakaa ambazo hazifai tena kwenye rangi, na anazitumia kusugulia rimu na matairi. Wateja wanadhani UG ni aina ya dawa, na yeye hajawahi kuwasahihisha.

Deni la boneti alilimaliza baada ya miezi saba. Gurudumu la katani bibi alipanda nalo Zirai. Nilipomtembelea mwezi uliopita nililikuta jikoni, anaegeshea sufuria ya chai.